Bure na Huria: Historia ya Programu Zisizouzwa na Lugha za Mbita

1. Utangulizi

Mji wa Mbita uko kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, mahali ambapo bara la Kenya linakaribiana na kisiwa cha Rusinga. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, mji huu umo katika Kaunti ya Homa Bay. Kwa mtaalamu wa lugha, Mbita ni mahali penye utajiri. Dholuo ndiyo lugha ya nyumbani, ya soko na ya mitumbwi. Kiswahili ni lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, ni lugha rasmi kwa mujibu wa Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010. Kiingereza hutawala madarasa ya juu na pia maabara, kwani hapo Mbita ndipo kilipo kituo cha utafiti cha ICIPE, taasisi ya elimu ya wadudu iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Lugha ya nne ni Olusuba, lugha ya Kibantu ya Abasuba wa Mfangano, Rusinga na Gwassi, ambao wengi wao wamehamia katika Dholuo.

Kompyuta ya nyumbani inapofika mahali kama hapa, jambo la kwanza linalotafutwa ni programu. Programu zinazouzwa ni ghali, na kwa hiyo watu hugeukia zile zinazopakuliwa kutoka kwenye intaneti bila malipo. Kwa kawaida tahakiki za programu hizo huuliza maswali matatu: je, inafanya kazi inayodaiwa? Je, ni nyepesi? Je, ni salama? Makala haya yanakusudia kuongeza swali la nne, ambalo ni la wanaisimu zaidi kuliko la mafundi: je, programu hiyo inaipa lugha ya mtumiaji nafasi gani?

Hoja inayotetewa ni kwamba kutolipa hakutoshi kuwa kigezo. Programu huifaa lugha ndogo pale wenye lugha wanaporuhusiwa kuifungua, kuirekebisha na kuiendeleza. Aidha, historia ya Afrika Mashariki inaonyesha kwamba ruhusa hiyo nayo haizai matunda pasipokuwa na watu na taasisi za kuitumia mwaka hadi mwaka.

2. Maneno matatu: bure, huria, kupakua

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Katika Kiingereza neno moja hubeba maana mbili, yaani kutolipiwa na kuwa na uhuru, na wanaharakati wa programu wamelazimika kwa miaka mingi kueleza ni maana ipi wanayoikusudia. Kiswahili hakina taabu hiyo. Kinalo neno "bure" kwa kisicholipiwa, na kinayo maneno "huru" na "huria" kwa kisichofungwa. Kutokana na hilo pamekuwapo istilahi "programu huria", inayotaja programu ambayo msimbo wake umewekwa wazi na leseni yake inamruhusu kila mtu kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa.

Neno "bure" lina upande mwingine. Mtu anaposema "kazi bure" hamaanishi kazi isiyolipiwa, bali kazi isiyo na faida. Maana hizo mbili zimekaa pamoja katika neno moja, na lugha imehifadhi ndani yake tahadhari ambayo mhakiki wa programu hana budi kuizingatia. Kuna programu ambazo ni bure bila kuwa huria: mtumiaji hapewi msimbo, haruhusiwi kubadilisha neno hata moja katika menyu zake, na mwenye nazo akiacha kuzitunza, zimekwisha.

Neno "kupakua" nalo lina asili inayojulikana. Mabaharia hupakua shehena kutoka chomboni, na mpishi hupakua chakula kutoka chunguni. Katika kuliingiza neno hili katika uwanja wa kompyuta, Kiswahili hakikuazima sauti wala hakikutafsiri neno kwa neno. Kilipanua maana ya neno lililokuwapo. Msomaji wa Mbita, ambaye huona samaki na magunia yakipakuliwa gatini, hahitaji kuelezwa kwamba kupakua kuna gharama yake.

3. Tangu diski hadi intaneti

Desturi ya kugawa programu bila kuziuza dukani ni ya zamani kuliko intaneti ya nyumbani. Mwaka 1982, nchini Marekani, Andrew Fluegelman na Jim Knopf, kila mmoja kwa upande wake, walitoa programu ambazo watu waliruhusiwa kuzinakili na kugawiana katika diski, na aliyependezwa aliombwa kupeleka malipo kwa hiari. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, ambao msingi wake ulikuwa tofauti: hakujali bei bali haki ya mtumiaji juu ya msimbo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha Linux, nacho kikaunganishwa na kazi ya GNU kuwa mfumo kamili wa kuendeshea kompyuta. Mwaka 2000 kampuni ya Sun Microsystems ilifungua msimbo wa programu yake ya kazi za ofisi, na mradi wa OpenOffice.org ukaanza.

Katika Afrika Mashariki, uhuru huo ulizuiliwa kwanza na njia ya kusafirishia. Faili ya megabaiti 60, kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, huhitaji zaidi ya saa mbili na dakika ishirini, hata kama laini haikukatika wala kasi haikupungua. Pale ambapo muda wa simu hulipiwa kwa dakika, kilichoitwa bure kiliweza kuwa na gharama kubwa. Ndiyo sababu programu nyingi zilisafiri katika sidii. Mathalan, kampuni ya Canonical, iliyoasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilipeleka sidii za mfumo wa Ubuntu duniani kote bila malipo hadi mwaka 2011 huduma hiyo iliposimamishwa.

Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, zikiwamo SEACOM na TEAMS, zilitia nanga Mombasa. Kabla ya hapo mawasiliano ya Kenya na dunia kwa intaneti yalitegemea setilaiti, ambayo ilikuwa ya polepole na ya bei kubwa. Kutoka pwani, mawasiliano yalisambaa bara hadi miji ya ziwani, na simu za mkononi zikawa ndizo modemu za watu wengi. Kwa hiyo katika muda wa miaka michache kikwazo kilihama. Zamani kikwazo kilikuwa kuifikia programu. Baadaye kikawa lugha inayoisema programu ikishafika.

4. Kiswahili chaingia katika programu

Jaribio kubwa la kwanza la kuipa programu huria sura ya Kiswahili lilifanyika Dar es Salaam. Mradi uliojulikana kwa jina la Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa mwaka 2004. Mwandishi aliweza kuandika barua, kupanga hesabu na kutayarisha maonyesho katika programu ambayo menyu zake zilikuwa za Kiswahili. Katika mwaka huo huo kampuni ya Microsoft ilitangaza nia ya kuzifasiri programu zake kwa Kiswahili, na toleo lake likafuata mwaka 2005. Katika muda mfupi, basi, Kiswahili kikawa na njia mbili: moja ya kufasiriwa na mwenye mali, nyingine ya kufasiriwa na wenye lugha.

Tofauti ya njia hizi ilidhihirika katika istilahi. Kwa mashine yenyewe kuna "kompyuta", "tarakilishi" na "ngamizi". Kuna "kibodi", "baobonye" na "kicharazio". Kuna "nywila" na "neno la siri". Vitabu vya shule vya Kenya vimeelekea "tarakilishi", ilhali matumizi ya kila siku katika nchi zote mbili yameshikilia "kompyuta". Katika programu iliyofungwa, uamuzi wa kamati moja huwekwa mbele ya watumiaji wote, nao hawana njia ya kuurekebisha. Katika programu huria, faili ya tafsiri ni orodha inayoweza kufunguliwa na mwalimu yeyote aliye tayari kujifunza: upande mmoja sentensi ya Kiingereza, upande wa pili ya Kiswahili.

Hata hivyo, uwazi huo ulikuja na deni. Jambo OpenOffice ilijengwa juu ya toleo la 1.1 la OpenOffice.org. Mwezi Oktoba 2005, yaani kabla ya mwaka mmoja kutimia, toleo la 2.0 lilitolewa, likiwa na amri mpya na muundo mpya wa kuhifadhia faili. Toleo la 3.0 lilifuata mwaka 2008, na mwaka 2010 sehemu kubwa ya wajenzi walijitenga na kuanzisha LibreOffice. Kila toleo huleta sentensi ambazo bado hazijafasiriwa, na utaratibu wa programu hizi ni kwamba sentensi isiyo na tafsiri hujitokeza kwa Kiingereza. Matokeo yake ni menyu iliyochanganyika, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, ambayo humfanya mtumiaji arudi katika Kiingereza kamili. Mradi wenye mfadhili una mwisho. Programu haina mwisho. Hapo ndipo lilipo somo kuu la historia ya Kilinux.

5. Kisahihisho cha tahajia na muundo wa lugha

Kisahihisho cha tahajia ni kipimo kizuri, kwa sababu hulazimisha programu kukutana na sarufi. Katika miaka hiyo hiyo Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton alitayarisha orodha ya maneno ya Kiswahili kwa ajili ya OpenOffice.org, nayo ikatolewa kwa leseni huria. Orodha hiyo ilikutana na tatizo ambalo wanaisimu wa Kibantu wanalifahamu. Chukua kitenzi "hatukuwatafutia". Mbele ya mzizi "-tafut-" pana viambishi vinne, "ha-", "tu-", "ku-" na "wa-". Nyuma yake pana cha kutendea na kiishio. Kitenzi kimoja huweza kuzaa maumbo maelfu, na hakuna orodha inayoweza kuyataja yote.

Kisahihisho kilichotumiwa mwanzoni na OpenOffice.org kiliruhusu kiambishi kimoja mbele na kimoja nyuma. Kiliundwa kwa lugha zinazofanana na Kiingereza. Mnamo 2006 nafasi yake ilichukuliwa na Hunspell, kazi ya László Németh wa Hungaria, ambaye lugha yake yenye viambishi tamati vingi ilikuwa imeteseka kwa utaratibu wa zamani. Hunspell huruhusu viambishi viwili kupangana upande mmoja. Kwa Kiswahili hilo ni nafuu lakini si tiba, kwa kuwa viambishi vinne bado havina budi kuunganishwa na kuandikwa kama kimoja, kwa mfano "hatukuwa-", na orodha ya miungano hiyo ni ndefu. Uchanganuzi wa kina zaidi ulianzishwa na Arvi Hurskainen huko Helsinki tangu 1985, kwa kufuata nadharia ya ngazi mbili ya Kimmo Koskenniemi.

Jambo la kutiliwa mkazo hapa ni kwamba Hungaria haikungoja kampuni iione shida yake. Msimbo ulikuwa wazi, na msemaji wa lugha aliyekuwa na ujuzi aliingia na kuubadilisha. Faida ya kazi hiyo ikazifikia lugha ambazo yeye mwenyewe hakuwa akizishughulikia.

Dholuo ina mtihani wake. Sauti inayoandikwa "ng'", kama katika "ng'ato", yaani mtu fulani, huandikwa kwa ritifaa. Programu ambayo haikuelezwa kwamba ritifaa ni sehemu ya neno huligawa neno hilo mara mbili, na vipande vyote viwili hupigiwa mstari mwekundu. Isitoshe, programu nyingi za kuandikia hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Mtafiti akitafuta neno kwa moja, hapati maneno yaliyoandikwa kwa nyingine. Katika programu huria kasoro hii hurekebishwa kwa mstari mmoja wa maelezo katika faili ya lugha. Katika programu iliyo bure tu, mtumiaji huvumilia.

6. Tahakiki ya programu za mtafiti

Ikiwa mwalimu wa Mbita ana kompyuta moja ya nyumbani na nia ya kuhifadhi lugha, zipo programu kadhaa anazoweza kuzipakua. Zifuatazo zinapimwa kwa kigezo kilichokwisha kutajwa.

(a) Audacity, iliyotolewa kwanza mwaka 2000, hurekodi na kuhariri sauti. Ni rahisi kujifunza na ni huria. Mwaka 2021 ilipoingia mikononi mwa kampuni ya Muse Group, watumiaji wengi walilalamikia tamko lake la faragha, na baadhi ya wajenzi wakaunda matoleo yao kutokana na msimbo ule ule. Kisa hicho chaonyesha maana halisi ya leseni huria: mwenye chombo akibadilika, abiria hawazami.

(b) Praat, kazi ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, huchanganua sauti za lugha. Jina lake ni neno la Kiholanzi lenye maana ya "sema". Kwa Dholuo umuhimu wake ni mkubwa, kwani lugha hiyo ina irabu tisa zinazoandikwa kwa herufi tano, na toni zake haziandikwi. Neno "kendo" kwa tahajia ni moja, lakini kwa matamshi huweza kuwa kuoa au huweza kuwa jiko. Praat huionyesha tofauti hiyo machoni. Ni huria na ni nyepesi hata kwa mashine kuukuu. Kasoro yake ni kwamba menyu zake ni za Kiingereza na humtaka mtumiaji awe amesoma fonetiki.

(c) FieldWorks, ya taasisi ya SIL, hutengeneza kamusi na kuchanganua matini. Ni huria, ina uwezo mkubwa, lakini ni nzito na hujifunzwa kwa muda mrefu. Ndugu yake mdogo, WeSay, ilikusudiwa wasemaji wenyewe wa lugha. Humwongoza mtumiaji kukusanya maneno kwa nyanja za maana, kutoka katika orodha yenye nyanja zaidi ya 1700. Orodha hiyo ilitungwa kwa dunia nzima. Wakusanyaji wa ziwani hawana budi kuipanua wanapofika kwenye samaki, nyavu na pepo. Mvuvi anayetofautisha ngege, mbuta na omena, na kila mmoja kwa umri na kwa namna ya kuvuliwa na kuanikwa, hatosheki na kichwa kimoja cha "uvuvi".

(d) Lexique Pro, nayo ya SIL, huipa kamusi sura nzuri ya kusomeka na kuchapika. Ni bure, lakini msimbo wake haukufunguliwa. Inafaa kwa kuonyesha kazi iliyokwisha; haifai kuwa ghala pekee la kazi ya maisha. Anayeitumia anashauriwa kuhifadhi nakala ya data zake katika muundo wa maandishi matupu.

(e) Kwa uandishi wa kawaida, LibreOffice inatosha. Isitoshe, mwezi Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zilizonunuliwa zikiwa zimetumika haziwezi kupokea mfumo uliofuata. Kwa mashine hizo Linux ni njia ya kuongeza miaka ya kazi bila gharama ya kununua nyingine.

7. Nafasi ya Olusuba

Hadi hapa imezungumzwa zaidi juu ya Kiswahili na Dholuo. Olusuba ndiyo inayoipima hoja yote. Mwaka 1992 Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo walionyesha kwamba hisia ya kuwa Msuba ilikuwa ikikua wakati ule ule ambapo uwezo wa kusema Olusuba ulikuwa ukipungua. Watu walitaka jina, historia na heshima ya kabila, lakini watoto wao waliendelea kulelewa kwa Dholuo.

Katika programu za kompyuta, ukosefu huu unaendelezwa kwa njia ya kimyakimya. Data za msingi ambazo mifumo ya kompyuta huzitumia ili kuandika majina ya siku, miezi na nchi zimekusanywa kwa lugha nyingi za Kenya, zikiwamo Dholuo na Ekegusii. Olusuba haikuwamo katika kundi hilo. Kencorpus, mkusanyo wa matini na sauti uliofanywa mwaka 2021 na 2022 kwa ushirikiano wa vyuo vikuu, kikiwamo Chuo Kikuu cha Maseno, ulishughulikia Kiswahili, Dholuo na lahaja tatu za Luhya. Hiyo ni kazi ya kusifiwa, na uteuzi wake unaeleweka, kwa kuwa mkusanyaji huanza penye wasemaji wengi. Lakini matokeo ni kwamba lugha yenye nguvu huongezewa zana, na iliyo dhaifu huachwa na midomo ya wazee peke yake. Mtoto wa Mfangano akifungua kompyuta, mashine humthibitishia alichokwisha kukisikia sokoni: kwamba Olusuba si lugha ya kuandikia.

Hakuna kampuni itakayoiandalia Olusuba kisahihisho cha tahajia kwa matumaini ya faida. Kwa lugha ya namna hii, programu huria ndiyo mlango pekee ulio wazi, na gharama ya kuingia humo ni kazi. Kazi yenyewe inajulikana: kukubaliana juu ya tahajia, kurekodi wazee, kukusanya maneno kwa nyanja, kuandika faili ya viambishi, na kuzitoa data kwa leseni itakayomruhusu mwingine kuendelea. Kila hatua ina programu yake katika orodha iliyotangulia. Kinachokosekana ni mahali pa kudumu pa kuitunza kazi hiyo baada ya waanzilishi kuchoka au kuondoka.

8. Hitimisho

Historia iliyoelezwa inatoa mafunzo matatu. Kwanza, bei si kipimo cha faida ya programu kwa lugha. Kipimo ni leseni, na Kiswahili chenyewe kinatusaidia kutenganisha "bure" na "huria". Pili, zana zilizotungwa kwa lugha zenye maumbo machache zina mipaka katika lugha za Kibantu na za Kinailoti, na marekebisho huja pale msemaji anapokuwa na haki ya kugusa msimbo. Tatu, tafsiri ya programu ni bustani. Isipopaliliwa kila msimu hurudi kuwa pori, kama ilivyotokea baada ya 2004.

Funzo hili la tatu linazielekea idara za lugha moja kwa moja. Mwanafunzi wa shahada anayeandika tasnifu juu ya vitenzi vya Olusuba au irabu za Dholuo huacha data zake katika rafu ya maktaba. Data hizo hizo, zikipangwa vizuri, ni nusu ya kisahihisho cha tahajia na robo ya kamusi. Iwapo kutunza faili za lugha kungehesabiwa kuwa kazi ya kitaaluma sawa na kuandika makala, mji kama Mbita usingengoja mradi mwingine wa miaka miwili. La sivyo, programu zitaendelea kupakuliwa, zitaendelea kuwa bure, na kwa Olusuba zitakuwa kazi bure.